Mzinga Uliosimama

Enzi zetu sisi tuliokulia kwenye maghorofa ya Kipling, huku Kanada, Jumamosi haikuwa siku ya kulala. Wenzetu wa shuleni walikuwa wakiamkia katuni, sisi tunaamkia sauti ya Mama: "Kabula! Shija! Kiswahili kinawasubiri, lakini basi haliwasubiri!" Tunavaa makoti manene yanayotufanya tushindwe kushusha mikono, soksi mbili mbili, na viatu vya theluji ambavyo kimoja lazima kiwe kimelowa tangu jana. Mfukoni kila mmoja ana andazi la moto lililofungwa kwa karatasi ya foili. Andazi lile lilikuwa na kazi mbili, kupasha vidole joto njiani na kuliwa saa nne wakati wa mapumziko. Mtoto mwenye akili alijua kulisubiri. Mdogo wangu Shija hakuwahi kulifikisha kituo cha basi.

Kama ulikulia mitaa kama Rexdale yetu, Malvern au Regent Park miaka ile ya elfu mbili na kidogo, na wazazi wako walikuwa na wazimu wa namna hii, sogea karibu, wewe ni mwenzangu. Kama hukukulia huko, sogea pia, utaelewa mbele ya safari.

Chanzo cha yote kilikuwa simu. Kila Jumapili Baba alinunua kadi ya kupigia, ile ya kukwangua kwa ukucha, akabonyeza tarakimu nyingi utadhani anafungua kasha la benki, mpaka ampate Babu, yaani baba yake mzazi, huko Sikonge, mkoa wa Tabora. Babu alikuwa mfuga nyuki. Baba hakuwa amemtia machoni tangu kabla sijazaliwa, kwa sababu ya yale mambo ya makaratasi ya uhamiaji ambayo kila nyumba ilikuwa nayo na hakuna nyumba iliyowaeleza watoto. Wakishasalimiana, wakishaulizana habari za mvua na za ng'ombe, napewa mimi mkono wa simu.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hujambo? Huko mnakula nini?"

Nilielewa kila neno, na hilo ndilo lililokuwa likiniuma. Lakini jibu lilinijia kwa Kiingereza, Kiingereza nikakimeza, na simu ikabaki inavuma tu. Siku moja nilikuwa nimesimama ubavuni mwa Baba, nikamsikia Babu akiuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, bila hasira: "Kwani huyu mtoto wako ni bubu?" Baba akacheka. Alipokata simu hakuwa anacheka tena. Akamwambia Mama: "Mzee anashughulikia pasi ya kusafiria. Akija hapa ataongea na nani? Na televisheni?"

Ndivyo lilivyozaliwa darasa la Jumamosi. Wazazi wa Kitanzania wa upande wetu walikutana, wakabishana kama kawaida yao, wakamwangukia Mwalimu Zuhura. Huyu alikuwa mwalimu wa chekechea Tabora mjini kabla ya kuja Kanada, na hapa alikuwa akifanya zamu kwenye kiwanda cha mikate. Alikuwa mwembamba, mwenye sauti inayofika mahali kabla yake. Hakuwa na vitabu, hakuwa na picha za ukutani, hakuwa na hata ubao. Alichopata kilikuwa chumba cha chini katika ukumbi mmoja wa Wapolandi, magharibi ya jiji, na chumba chenyewe hakikuwa kitupu.

Sasa nikiwa mtu mzima naweza kueleza chumba kile kilikuwa nini. Kilikuwa makumbusho. Watu waliotoka Kurpie, eneo moja la misitu na mchanga huko Polandi, walikusanya vitu vya mkoa wao walivyokuja navyo au kutumiwa na ndugu, wakavipanga pale chini, mkoa mzima umebanwa kwenye chumba kimoja. Kulikuwa na vinu vya mbao na michi yake, machekecheke, majembe, susu ya kulazia mtoto, gurudumu la kusokotea uzi, na baragumu la mti, refu kuliko Baba. Kulikuwa na karatasi za rangi zilizokatwa kwa mikasi ile mikubwa ya kunyolea kondoo mpaka zikatokea majogoo na maua. Kulikuwa na mayai yaliyochorwa nakshi nyembamba kama uzi, shanga za kaharabu, ule utomvu wa miti uliogeuka jiwe la manjano, wanyama wadogo waliookwa kwa unga, sketi nene za mistari, kofia za manyoya, na ndege aliyekaushwa mwenye miguu mirefu myekundu. Na kwenye kona, peke yake, gogo kubwa lililochongwa ndani likawa wazi, limesimama wima na kipaa kidogo kichwani. Huo ulikuwa mzinga wa nyuki.

Mlinzi wa vitu hivyo vyote alikuwa Bibi Halina. Mfupi, mpana, nywele nyeupe amezibana nyuma, anatembea akiegemea chochote kilicho karibu kwa sababu ya magoti. Siku ya kwanza alituonyesha kidole kimoja, akakitikisa mbele ya pua ya kila mtoto, akasema kwa Kiingereza chake cha neno moja moja: msiguse. Mwalimu Zuhura naye akamjibu kwa Kiingereza chake, ambacho kilikuwa kimevaa kanzu ya Kitabora, kwamba mtoto asiyegusa hajifunzi. Wakatazamana. Sisi tukabana pumzi, maana tulijua tabia ya Mwalimu, na ya yule bibi tulikuwa tunaanza kuijua.

Waliafikiana kwenye vumbi. Bibi Halina alikuwa hawezi tena kuinama kufuta vumbi vitu vya chini, wala kupanda ngazi kufuta vya juu. Basi kila Jumamosi watoto watafuta vumbi. Mwalimu naye akaongeza sharti lake, na sharti hilo ndilo lililotulea: huwezi kugusa usichoweza kukitaja. Unapewa kitambaa cha fulana iliyochanika, unasimama mbele ya kitu mikono nyuma, unasema sentensi nzima. "Hiki ni kinu. Ninakifuta kinu vumbi." Ukikosea, mikono inabaki nyuma na mwenzako anapita. Jamani, hakuna uchungu kama kumwona mwenzako anapapasa baragumu kwa sababu wewe umesahau neno baragumu.

Shija alijaribu kukwepa mara nyingi. "Mwalimu, sija-touch, nilikuwa na-look tu!"

"Unaangalia kwa vidole?" anauliza Mwalimu. "Mikono nyuma!"

Kwenye zile karatasi za rangi Mwalimu alitufundishia kanga: hili la pembeni ni pindo, hili la katikati ni mji. Kwenye susu tukajifunza kubembeleza mtoto na nyimbo zake. Kwenye kinu tulijifunza kutwanga, kupepeta, kukoboa, na Shija akajifunza kwamba mchi ukimponda mtu kidole, mtu huyo hulia kwa Kiswahili. Saa nne ikifika tunakula maandazi yetu, na Bibi Halina anateremka na sufuria la vitu vyake, vya unga vilivyokunjwa na kujazwa viazi na vitunguu, vinaelea kwenye siagi. Mwalimu alichunguza kwanza. "Nyama ipo?" Bibi Halina akakasirika. "Kiazi! Kiazi tu!" Sisi tukaviita sambusa za kuchemsha, na jina likakubalika mpaka kwa wenyewe.

Mzinga alipewa nani? Nilipewa mimi. Mwalimu aliponiuliza babu yangu anafanya kazi gani nikajibu "nyuki", akaniongoza hadi kwenye kona, akasema, "Basi huu ni wako." Tangu siku hiyo nikawa naufuta kuanzia kipaa mpaka chini. Naingiza kitambaa kwenye tundu la kuingilia nyuki, naitaja kwa sauti kila sehemu: mzinga, tundu, sega, nta. Ukisogeza pua karibu, ulikuwa bado na harufu ya mbali, tamu na ya moshi.

Hapa sasa ndipo tulipopotea, na ni kosa ambalo sijui kama lingeweza kufanywa na watoto wengine duniani zaidi ya sisi. Hakuna aliyetuambia kwamba vitu vile vilikuwa vya Polandi. Watu wazima waliona ni jambo la wazi, nani amweleze mtoto kwamba maji yanalowesha? Sisi tuliona vitu vyenye majina ya Kiswahili, katika darasa la Kiswahili, vinavyofanana na hadithi za nyumbani kwa Babu. Tukajua hii ndiyo Tanzania. Vibao vya maelezo vilikuwa vimejaa herufi z na w zisizotamkika, tukaamua hicho ni Kinyamwezi, lugha ambayo Baba aliongea na Babu pale asipotaka tusikie. Kaharabu tulijua ni asali ya Babu iliyokauka, kwani ushahidi si ulikuwemo ndani, mdudu kabisa? Na Bibi Halina tulimchukulia kuwa mzungu mmoja aliyewahi kukaa Tabora akapapenda sana, ndiyo maana alikuwa mkali.

Shuleni mwalimu wetu alitutaka kila mtu aeleze habari za nchi ya wazazi wake. Nikasimama kifua mbele. Nikawaambia darasa zima kwamba kwa babu yangu Sikonge watu huvaa kofia za manyoya kwa sababu ya nyuki, na kwamba kuku wa kule hutaga mayai yakiwa tayari yana nakshi. Nilipigiwa makofi marefu. Sijawahi tena kuhutubia umma kwa uhakika kama ule.

Kisha Babu akaja kweli.

Alifika majira ya joto, amevaa koti la sufu alilopewa na kijiji kizima kwa ajili ya baridi ya Kanada, jasho linamtiririka, mkononi kopo la asali lililofungwa kwa vitenge. Baba alimkumbatia pale uwanja wa ndege akakataa kumwachia. Nilimwona Baba akilia mbele za watu na sikujua pa kuangalia. Nyumbani Babu akachungulia nje ya dirisha kutoka ghorofa tuliyokuwa tukikaa, akarudi nyuma haraka. "Mtu hulala juu kiasi hiki," alisema, "akiwa amefukuzwa na simba." Wote tukacheka, na baada ya kicheko Babu akanigeukia na kusubiri niseme kitu.

"Shikamoo, Babu," nikasema.

"Ulishaniamkia uwanja wa ndege."

Basi, nikaishia hapo. Maneno yote niliyokuwa nayo yalikuwa yamebaki kule chini kwenye chumba, kila moja limekaa kwenye kitu chake. Nyumbani hapakuwa na kinu wala baragumu, kulikuwa na kochi na televisheni. Nikawa nazunguka kupitia jikoni nisikutane naye. Baba akirudi kutoka zamu yake ya ghala karibu na uwanja wa ndege, anauliza mlangoni kabla hajavua buti: "Mmeongea leo?" Babu anajibu kwa upole, "Ameniamkia." Baba anatikisa kichwa kidogo na kwenda kuoga. Hakukasirika, na mimi ningependelea akasirike.

Jumamosi ilipofika Mama alikuwa kazini, ikabidi Babu aende nasi darasani. Kwenye basi la Kipling nilikaa kando yake nikiwa kimya, ila kimya cha siku hiyo kilikuwa na mpango. Nilikuwa na sentensi. Nilikuwa nimeitengeneza tangu kitandani.

Tulipoteremka ngazi nikamshika mkono, nikamvuta kupita vinu na makanga ya karatasi, nikamsimamisha mbele ya kona yangu. Nikaweka mikono nyuma kama inavyotakiwa.

"Babu," nikasema, "huu ni mzinga wako."

Babu akautazama. Akauzunguka. Akaugonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza. Akaingiza pua yake yote kwenye tundu, akavuta pumzi, akakaa hapo kwa muda. Alipoinua kichwa macho yake yalikuwa yamelowa. "Nta," akasema. Mimi nilijaa furaha hadi kooni. Kisha akakunja uso.

"Nani ameusimamisha?"

Bibi Halina alikuwa tayari anakuja, ameshika ukuta, maana mgeni alikuwa amegusa bila kutaja. "Anasema nini huyu?" akaniuliza. Nikamtafuta Mwalimu Zuhura kwa macho. Alikuwa upande wa pili na watoto wadogo. Alituona, tena vizuri sana. Akageuka akatupa mgongo, akaanza kunyoosha baragumu ambalo halikuwa limepinda.

Ikawa imebaki mimi tu.

"Anasema kwa nini umesimama," nikamwambia Bibi Halina kwa Kiingereza.

"Unasimama kwa sababu unasimama! Mwambie. Majira ya baridi nyuki anapanda. Asali juu, joto juu. Ukilala, nyuki anakufa."

Nikamgeukia Babu. "Babu, anasema... baridi. Nyuki wanapanda juu. Asali iko juu. Ukilala, wanakufa."

"Wanapanda!" Babu akacheka kwa dharau. "Nyuki si mtu wa Rexdale akae ghorofani. Mzinga unalazwa, unafungwa juu ya tawi, mvua inapita, upepo unapita. Ukiuweka hivi chini, nyegere atakuja na familia yake kukushukuru."

Nikafikisha mpaka kwa nyegere nikakwama. "Babu, nyegere ni nini?"

Babu hakunieleza, alinionyesha. Mzee yule mwenye koti la sufu alipiga magoti, akakuna mzinga kwa kucha, akaingiza mkono, akalamba vidole, akatazama kushoto na kulia kama mwizi. Watoto wote walikuwa wameacha vitambaa. Bibi Halina akaelewa kabla yangu. "Dubu!" akasema. "Kwetu dubu! Mwambie, dubu tunamwekea gogo zito la kuning'inia mbele ya tundu. Akilisukuma, linarudi, linampiga kichwa!" Nikatafsiri. Babu akataka kujua gogo zito kiasi gani. Nikauliza. Nikajibu. Akauliza kamba ni ya nini. Nikauliza, nikajibu. Sikuwa nasikia tena nani anaongea lugha gani, nilikuwa nakimbia katikati yao jasho linanitoka, na kila niliponyoosha mkono neno nilikuta lipo.

"Sawa, dubu ameumia kichwa," Babu akasema. "Lakini bado ungelala."

Bibi Halina akaweka mikono kiunoni. "Mwambie babu yangu alisimamisha, na babu yake alisimamisha. Kwetu msituni, Polandi, yote inasimama!"

Nikafungua mdomo kutafsiri, nikaufunga. "Polandi?" nikamwuliza.

"Polandi, ndiyo. Kila kitu hapa Polandi."

"Hata mayai?"

"Hata mayai!"

Nikamtazama Babu. "Babu, Sikonge kuna mayai ya nakshi?" Akanitazama kama mtu anayetafuta homa. "Na kofia za manyoya?" Mwalimu Zuhura sasa aligeuka mwenyewe, ametoa macho. "Kabula, ulidhani vimetoka wapi?"

Nikaangua kilio. Nililia kwa ajili ya mayai, kwa ajili ya kaharabu, kwa ajili ya makofi yote niliyopigiwa shuleni. Nikawapigia kelele wote waliokuwa pale, pamoja na yule ndege aliyekaushwa: "Mmenidanganya! Nyote mmenidanganya! Nimefuta vumbi miaka yote hii, hakuna hata mmoja aliyeniambia! Nimewaambia watu! Nitaweka wapi uso wangu?"

Babu alikuwa ameegemea mzinga. Nilidhani anaumwa, kumbe anacheka, anacheka mpaka anashika mbavu. "Hee!" akasema. "Msikilizeni bubu! Anatugombeza!" Akanivuta akanikumbatia kwenye lile koti lenye harufu ya moshi. "Baba yako alisema unafundishwa, nami nikasema ananipa moyo tu. Gomba, mjukuu wangu. Gomba tena kidogo nisikie."

Nilipotulia, alikuwa bado amenishika bega, akamwona yule ndege wa miguu myekundu. "Na huyu?" akauliza. "Naye wanasema ni wao?"

Nikamwuliza Bibi Halina. Akasema ndiyo, korongo huyo hujenga kiota juu ya paa la zizi la baba yake, anakuja kila baridi ikiisha, na nyumba anayoichagua ni nyumba yenye bahati.

"Mwambie huyu ni wa kwetu," Babu akasema. "Anakuja na mvua. Anatembea mashambani nyuma ya mtu anayelima, anakula panzi. Kisha siku moja anaondoka, nasi hatujui aendako."

Nilitafsiri polepole, maana sikutaka kukosea. Bibi Halina alivuta kiti akakaa, akamtazama yule ndege, kisha Babu. "Utotoni nililia wakiondoka," akasema. "Mwambie. Mimi nilimwuliza baba yangu wanakwenda wapi, akasema Afrika. Nilidhani ananitania." Babu alipoyasikia haya akaketi naye kwenye kiti cha pili, na wakakaa hivyo, hawana lugha hata moja kati yao, mpaka sufuria la sambusa za kuchemsha likaletwa.

Jioni hiyo Baba alirudi kutoka kazini akatukuta jikoni. Babu alikuwa anasema ugali wangu ni uji uliokata tamaa, nami namjibu kwamba asiyejua kupika hana haki ya kutia kasoro. Baba hakuuliza kitu. Alisimama mlangoni na buti zake, maji ya mvua yanachuruzika kwenye zulia la Mama, na hata Mama mwenyewe hakumwambia avue. Nimeona furaha nyingi tangu hapo, harusi, mahafali, watoto kuzaliwa. Ile ya Baba mlangoni naiweka mbele ya zote.

Babu aliporudi Sikonge, simu za Jumapili zilibadilika. Kabla ya hujambo, kabla ya habari za mvua, alikuwa akiniuliza: "Umesimama au umelala?" Namjibu: "Umesimama, Babu." Anasonya. "Mwambie yule mama aulaze." Jumamosi nafikisha ujumbe, Bibi Halina anacheka kwa pua. "Mwambie simama." Niliwatumikia wazee hao wawili kwa miaka, nikaingia sekondari, nikaota chunusi, nikapata rafiki wa kiume ambaye Baba alijifanya hajui, na mzinga haujasogea hata upana wa kidole.

Nilipokuwa chuo, ukumbi ule uliuzwa. Siku hizi hapo kuna jengo la vioo lenye watu wanaolipia kukimbia mahali pamoja. Vitu vya chumbani vilikuwa vinarudishwa Polandi, kwenye makumbusho ya mkoa wao, vitu vyote, hata vitambaa vyetu nusura viende. Bibi Halina alinipigia simu niende kusaidia kufunga. Nilimkuta amekaa kwenye kiti chake, hawezi tena kusimama kwa muda mrefu, anaelekeza kwa fimbo. Nilifunga vinu, nikafunga majogoo ya karatasi, nikamfunga korongo kwa blanketi, na nilitaja kila kimoja kabla sijakigusa. Wale vijana wa kubeba mizigo walidhani naomba dua. Mwisho ukabaki mzinga. Kasha lake lilikuwa refu, limelazwa sakafuni.

Tuliuinua pamoja nao, tukaulaza ndani taratibu. Bibi Halina akautazama. Kisha akaniambia: "Mpigie babu yako. Mwambie umelala. Mwambie kwa safari tu."

Nikapiga pale pale. Babu alikuwa amezeeka, sauti imekuwa nyembamba, lakini swali lilikuja lile lile. "Umesimama au umelala?"

"Umelala, Babu," nikasema. "Bibi Halina anasema kwa safari tu. Unarudi kwao."

Nilisubiri ashangilie, baada ya miaka yote ile. Nikasikia jogoo wa Sikonge akiwika nyuma yake.

"Basi mwambie," akasema, "ukifika, wausimamishe. Kule ni kwao."

Nilimtafsiria Bibi Halina neno kwa neno. Akapiga kifuniko cha kasha kwa kiganja mara mbili, kama mtu anavyomuaga ng'ombe, akageuza uso ukutani.

Wote wawili wametangulia sasa. Mimi ni shangazi wa mtoto wa Shija, binti wa miaka sita anayekaa Malvern, naye anajifunza Kiswahili kwa programu ya kwenye simu. Ni mjanja, Mungu amkuze, anapata nyota na tarumbeta kila siku. Juzi aliniambia kwa lafudhi safi kabisa kwamba tembo anakunywa maziwa. Nikamwuliza tembo yupi, maziwa ya nani, nikategemea tutabishana angalau kidogo. Akaniambia, "Shangazi, that's not in the lesson." Sisi hatukuwa na nyota. Tulikuwa na vumbi la watu wengine, na bibi mkali, na mwalimu aliyetoka zamu ya mikate macho mekundu, na tulitoka pale tunaweza kugombana na babu zetu. Nimempa binti huyo kitambaa na kabati langu la vyombo. Ameshika sahani tatu bila kutaja hata moja, nami nimemrudisha mikono nyuma, ananuna vizuri sana.

Simu yangu siku hizi inaonyesha sura za watu, haihitaji kadi wala ukucha. Jumapili inafika, naiweka mezani kando ya chai, na hakuna anayepiga kuniuliza. Najibu hivyo hivyo, kwa sauti, jikoni mwangu: Umesimama, Babu. Uko kwao.